Gome Lipimwe kwa Bakteria wa Kwetu

Mwaka 2001 jarida la African Health Sciences la Makerere lilichapisha utafiti wa David Olila na wenzake kuhusu miti miwili ya dawa ya Uganda. Mmoja ni Warburgia ugandensis, ambao Waganda huuita abasi au mukuzanume, mti wa msituni ambao gome lake kali limetafunwa na kuchemshwa kwa vizazi vingi ili kutuliza kikohozi, tumbo na jino. Watafiti hao walitoboa vishimo katika agari iliyopandwa bakteria, wakatia humo dondoo la maji la mti huo, na bakteria wa aina mbili wanaosumbua hospitali kote duniani, Escherichia coli na Staphylococcus aureus, wakashindwa kuota kandokando ya vishimo. Tangu wakati huo majaribio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi Afrika Mashariki, kwa abasi na kwa miti mingine. Magome yamekaushwa, yamesagwa, yamelowekwa na kuchujwa, na duara lisilo na bakteria limepimwa kwa milimita na kuandikwa kwenye jedwali. Hata hivyo, mgonjwa anayefikishwa leo katika hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale na kidonda kilichooza hatibiwi kwa dawa iliyozaliwa na majedwali hayo.

Wapo wanaosema hali hiyo inathibitisha kwamba sayansi imewadharau waganga wetu. Wapo pia wanaosema inathibitisha kwamba magome hayana kitu. Mimi naona kosa liko katika swali lenyewe. Kwa muda mrefu tumeuliza kama gome fulani linaua bakteria, na swali hilo ni jepesi mno, kwa kuwa magome mengi yatazuia bakteria fulani yakikolezwa vya kutosha. Mgonjwa anahitaji jibu la swali gumu zaidi: linazuia bakteria gani, waliotoka wapi, kwa kiasi gani, likiandaliwa kwa namna gani, na je, mwili wa binadamu unaweza kustahimili kiasi hicho? Swali hilo linaweza kuulizwa vizuri zaidi mashariki mwa Uganda kuliko mahali pengi. Kutoka msitu wa Mabira hadi mteremko wa Mlima Elgon, mti, mganga, mgonjwa, bakteria na maabara viko ndani ya safari ya siku moja kwa basi. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha, na kuwa tayari kupokea jibu lolote litakalotoka.

Tuanze na sababu ya kulipa gome heshima ya kupimwa. Gome ni ngozi ya mti. Mti hauwezi kumkimbia mdudu wala kuvu, kwa hiyo huhifadhi kwenye ngozi hiyo kemikali zinazowazuia wavamizi. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, katika kazi iliyohusisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE mjini Nairobi, walieleza kemikali iliyopewa jina la warburganali kutoka jamii ya miti ya Warburgia. Kemikali hiyo iliwafanya viwavijeshi waache kula. Nyingine za ukoo huohuo, kama poligodiali na muzigadiali, zimepatikana pia katika miti hiyo, na Olila na wenzake walionyesha kwamba muzigadiali huzuia kuvu aina ya Candida albicans. Ukali unaouchoma ulimi wa anayetafuna gome la abasi unatokana kwa sehemu kubwa na kemikali hizi. Basi mganga aliyechagua gome kali kwa ajili ya koo na jino hakuchagua ovyo. Na historia ya tiba duniani inamuunga mkono: kwinini ilitolewa kwenye gome la mkwinini na Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820, na safari iliyoishia kwenye aspirini ilianzia kwenye gome la mti uitwao Salix.

Lakini safari ya kwinini na aspirini haikuishia kwenye duara la kwenye sahani, na sisi hatupaswi kuishia hapo. Upana wa duara hautegemei nguvu ya dawa peke yake. Unategemea pia urahisi wa kemikali kusambaa ndani ya agari. Kemikali kubwa, au ile isiyopatana na maji, inaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikaacha duara dogo kwa sababu imenasa karibu na kishimo. Kemikali dhaifu inayosambaa upesi inaweza kuacha duara la kupendeza. Tanini, ambazo zimejaa kwenye magome mengi, hushikamana na protini za kila aina, na zinaweza kuzuia bakteria kwenye sahani bila kuwa na faida yoyote ndani ya mwili. Ndiyo maana maabara makini hupima kiasi cha chini kabisa cha dondoo kinachozuia bakteria kukua. Dondoo huzimuliwa hatua kwa hatua katika sahani yenye visima 96, kisha hutiwa rangi iitwayo resazurini, ambayo hubaki buluu pale bakteria walipozuiwa na kugeuka waridi pale walipo hai. Mwaka 2005 Ríos na Recio, waliopitia kwa kina tafiti za aina hii, walishauri kwamba dondoo linalohitaji zaidi ya miligramu 1 kwa mililita lisihesabiwe kuwa na nguvu, na kwamba la kuvutia kwelikweli ni lile linalofanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita.

Kipimo hicho si ubishi wa wasomi, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Ili dondoo linalofanya kazi kwa miligramu 1 kwa mililita lifikie kiwango hicho kwenye damu peke yake, zinahitajika gramu tano za dondoo, zifyonzwe zote na tumbo, zisivunjwe na ini, na zisitoke kwenye mishipa kwenda kwenye nyama na mafuta ya mwili. Tuseme kila gramu kumi za gome kavu zinatoa gramu moja ya dondoo. Mgonjwa angelazimika kumaliza gramu hamsini za gome kwa mkupuo mmoja, na bado masharti yote hayo ya mwili yasingetimia. Anayemwahidi mgonjwa mwenye maambukizi ya damu kwamba kikombe cha maji ya gome kitamponya, kwa sababu tu gome hilo lilizuia bakteria maabara, anaahidi jambo ambalo namba zake mwenyewe zinalikataa. Na maambukizi ya damu hayasubiri: saa chache za kuchelewa kufika hospitali zinaweza kugharimu uhai.

Hesabu hiyohiyo inaufungua mlango wa pili ambao wenye dharau hawauoni. Kwenye jino, kooni, kwenye ngozi na juu ya kidonda, dawa haihitaji kujaza lita tano za damu. Inagusana moja kwa moja na bakteria, na kiwango cha miligramu kadhaa kwa mililita kinafikika bila shida. Tazama sasa jinsi watu wanavyolitumia gome la abasi: hulitafuna kwa ajili ya jino na hulinyonya taratibu kwa ajili ya koo. Matumizi hayo yanaangukia palepale ambapo kemia inasema gome linaweza kusaidia. Kwa hiyo kipimo kikali hakimnyang’anyi mganga kitu. Kinatenganisha madai yake yenye uzito na yale yaliyotandazwa kupita kiasi, na kinatuonyesha pa kuelekeza fedha chache tulizonazo: dawa ya kusukutua, ya kupaka, ya kuoshea vidonda, kabla ya kuota dawa ya kumeza.

Sasa tuje kwa bakteria wenyewe. Tafiti nyingi za magome hutumia bakteria wa rejea wanaonunuliwa kutoka hazina za kimataifa. Anayetumiwa sana ni E. coli ATCC 25922, ambaye kumbukumbu zake zinabeba jina la Seattle 1946. Bakteria wa rejea wana kazi ya maana: wanawezesha maabara ya Mbale kulinganisha kipimo chake na maabara ya Nairobi au London. Lakini wengi wao hushindwa kirahisi na dawa nyingi, kwa kuwa walitengwa kabla dawa hizo hazijaenea. Bakteria wa wodini wamepitia miaka mingi ya dawa zilizomezwa nusu dozi na zilizouzwa madukani bila cheti cha daktari. Mwaka 2021 Samuel Baker Obakiro na wenzake walichapisha utafiti kuhusu bakteria sugu miongoni mwa wagonjwa wa hospitali mbili kubwa za mashariki mwa Uganda. Usugu huo ni wa hapa, una majina na unapimika. Gome linalomshinda bakteria wa Seattle halijasema lolote bado kuhusu hao wa wodini.

Mbale yenyewe imetoa ushahidi mzito kuliko wote juu ya hoja hii. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko mjini humo, ambako kwa miaka mingi wameletwa watoto wachanga wenye vichwa vilivyojaa maji baada ya kuugua maambukizi, watafiti walihangaika kumjua mdudu anayehusika, kwa sababu njia za kawaida za kuotesha bakteria hazikumwonyesha. Mwaka 2020 jarida la Science Translational Medicine lilichapisha matokeo yaliyopatikana kwa kusoma vinasaba: bakteria wa jamii ya Paenibacillus alikuwa amejificha katika majimaji ya ubongo ya wengi wa watoto hao. Aliyetengwa kutoka kwa mgonjwa aliitwa Mbale. Alipowekwa kwa panya wa maabara aliwaua, ilhali ndugu yake wa rejea, anayehifadhiwa kwenye hazina, hakuwadhuru. Sidai kwamba gome lolote linatibu ugonjwa huo, na mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo hana pa kwenda ila hospitali. Ninachosema ni kwamba ndugu wawili wa jamii moja ya bakteria, mmoja wa kabati na mmoja wa Mbale, walitofautiana kwa kiasi cha uhai na kifo. Baada ya kujua hivyo, kupima dawa ya watu wa mashariki kwa bakteria wa kabatini pekee ni kuacha kazi njiani.

Namna ya kuandaa dawa nayo ina uzito uleule. Mganga huchemsha au huloweka kwa maji, lakini maabara nyingi hupenda methanoli, heksani na viyeyusho vingine ambavyo hakuna mgonjwa anayevinywa. Dondoo la methanoli likifaulu, mganga anaambiwa dawa yake imethibitishwa, kumbe kilichothibitishwa ni kitu kingine. Na la maji lisipopimwa, hatujui kama kuchemsha kunaiua dawa au kunaitoa. Tu Youyou wa China alikwama kwa muda na mmea wa Artemisia hadi alipozingatia maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja moto. Mwaka 1971 akatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, na dawa ya malaria ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Maelezo ya mtumiaji wa kale yalikuwa sehemu ya ushahidi. Udongo na hali ya hewa navyo vina sauti: mwaka 2021 Timothy Omara, Ambrose Kiprop na Viola Kosgei wa Chuo Kikuu cha Moi walilinganisha majani ya Albizia coriaria, mti ambao Waganda huuita mugavu, kutoka kanda tofauti za kilimo za Uganda, Jinja ikiwamo, ili kuona jinsi kemikali zake na uwezo wake dhidi ya bakteria vinavyotofautiana. Hivyo gome la Jinja lisiandikiwe cheti kwa kipimo cha gome la kwingine.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema kwamba karne za matumizi zinatosha. Babu zetu walitumia magome wakapona, na kumtaka mganga wa Busoga au wa Bugisu asubiri idhini ya sahani ya maabara ni kumvunjia heshima. Pingamizi hili lina kiini cha kweli. Katika eneo moja tu la Busoga, Bulamogi, John Tabuti na wenzake waliorodhesha mwaka 2003 aina 229 za mimea ya dawa, na mwaka 2016 Patience Tugume na wenzake walichapisha orodha ya aina 190 zinazotumiwa na wakazi wa pembeni ya msitu wa Mabira. Hiyo ni maktaba ya maarifa, na anayeidharau anajidhulumu. Lakini jicho la uzoefu huona mambo mengine na halioni mengine. Kikohozi kingi na kuhara kwingi hupona chenyewe ndani ya wiki, na dawa iliyonywewa siku ya tatu hupewa sifa ya siku ya saba. Aliyepona hurudi kushukuru, aliyekufa harudi. Na madhara yanayokuja polepole hayaonekani kabisa. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walieleza jinsi wanawake waliokuwa wakitumia mitishamba ya kupunguza unene walivyoharibikiwa figo, na baadaye lawama ikaangukia asidi ya aristolokia, iliyotoka kwenye mmea uliokuwa ukitumika katika tiba ya asili ya Kichina. Karne za matumizi zinatupa sababu nzuri ya kupima. Haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo.

Pingamizi la pili litatoka upande wa pili, kwa baadhi ya madaktari na wafamasia. Watasema tunazo antibiotiki zilizopimwa kwa maelfu ya wagonjwa, na kila shilingi inayotumika kwenye magome inaibwa kutoka kwenye glovu, maji safi na chanjo. Ni kweli kwamba maji safi na chanjo vitaokoa wengi zaidi kuliko gome lolote, na sitaki mtu yeyote aache amoksisilini aliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya makala haya. Lakini hazina ya antibiotiki inapungua. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na kwamba mzigo ulikuwa mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Na si kweli kwamba magome yetu hayajatoa kitu cha kufuatilia. Mwaka 2017 Lydia Bunalema wa Makerere na wenzake walieleza alkaloidi za aina ya akridoni, zilizotoka kwenye gome la shina la Zanthoxylum leprieurii, zenye uwezo wa kuwazuia bakteria wa kifua kikuu. Kazi ya aina hiyo imeendelezwa pia na watafiti wa Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho kitivo chake cha sayansi za afya kiko Mbale, jirani na hospitali ya rufaa. Hakuna hata mmoja wa watafiti hao anayedai kwamba dawa imepatikana. Wanachokionyesha ni kwamba gome la msituni linaweza kupita kwenye kichujio kikali na bado likabaki na la kusema.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaoamini kwamba gome hufanya kazi likiwa zima, na kwamba kemikali moja ikitengwa nguvu hupotea. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi ya dawa, na jambo hilo linapimika pia: dondoo zima liwekwe kisima hiki, kila sehemu yake kisima kile, na namba zilinganishwe. Lakini uzima wa gome hautoi kinga dhidi ya sumu. Kemikali kama poligodiali hushambulia protini za bakteria, na protini za binadamu zimejengwa kwa malighafi ileile. Kwa hiyo kila jedwali la bakteria linapaswa kuwa na jedwali la pili la seli za mwili, ili ijulikane pengo kati ya kiasi kinachomzuia bakteria na kiasi kinachomwumiza mtu. Pengo likiwa jembamba, gome hilo ni sumu yenye sifa nzuri. Kuna jambo jingine pia linalosahaulika kirahisi. Mwaka 2021 Abdul Walusansa na wenzake walikusanya tafiti za miaka ishirini kuhusu bakteria waliopatikana ndani ya dawa za mitishamba zinazouzwa Afrika Mashariki. Chupa inayouzwa barabarani kwa ajili ya kuua vijidudu inaweza kuwa imebeba vijidudu. Mtihani wa gome unapaswa kufika hadi kwenye chupa hiyo.

Pingamizi la nne ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa linahusu haki. Mganga anauliza kwa nini amkabidhi mtafiti siri ya ukoo wake, ili kesho alione jina la mtu mwingine kwenye hati ya uvumbuzi. Hofu hiyo ina msingi. Gome la Prunus africana, mti unaoota pia kwenye mteremko wa Mlima Elgon, lilisafirishwa kwa wingi kutoka Afrika kwenda kutengenezewa dawa za tezi dume Ulaya, na biashara yake ikawa kubwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 inadhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Waliojua mti huo kwanza hawakuwa waliotajirika nao. Leo sheria zipo: Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka idhini ya wenye maarifa na mgawanyo wa haki wa faida, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu tiba asili na tiba mbadala iliweka baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga. Hata hivyo sheria haimlindi mtu asiyejua kwamba ipo. Makubaliano yaandikwe kwa Kisoga au Kigisu kabla gome halijakatwa, mganga awe na nakala yake, na matokeo yarudishwe kwake kwanza, yawe mazuri au mabaya. Kuficha siri pia kuna gharama: mganga akifariki bila mrithi, hakuna hati wala haki itakayobaki ya kugombewa.

Na mti wenyewe una haki yake. Chakula kinachotengenezwa na majani husafiri kwenda mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, kwa hiyo mti uliomenywa gome pande zote hufa. Habari njema ya maabara inaweza kuwa hukumu ya kifo kwa abasi za Mabira, msitu ambao mwaka 2007 watu waliandamana hadi kumwaga damu Kampala kupinga sehemu yake kukatwa ipandwe miwa. Sayansi inao wajibu hapa na inayo njia. Afrika Kusini, ambako Warburgia salutaris ulikuwa ukimalizwa na wavunaji wa gome, Siegfried Drewes na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kuna msingi wa kikemia wa kutumia majani mahali pa gome, na majani huota tena. Kila utafiti wa gome la mashariki mwa Uganda unapaswa kupima na majani ya mti uleule, siku ileile, kwa bakteria walewale. Gharama inayoongezeka ni ndogo, na jibu linaweza kuuokoa msitu.

Wenye hofu ya gharama wazingatie kwamba hatua za mwanzo si za bei ya juu. Bakteria wanaotengwa kila siku katika maabara za hospitali kwa ajili ya matibabu wanaweza kuhifadhiwa kwa taratibu za kimaadili badala ya kutupwa. Visima 96 na rangi ya resazurini haviihitaji Ulaya. Uganda imekuwa na taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili huko Wandegeya tangu miaka ya 1960. Kinachohitaji ujasiri zaidi ya fedha ni kuchapisha matokeo ya gome lililoshindwa, kwa sababu gome lililoshindwa bila kutangazwa litaendelea kuuzwa. Tulishaona mwaka 2021, wakati wa COVID-19, jinsi kiu ya watu inavyoweza kuutangulia ushahidi. Covidex, dawa ya mitishamba iliyotokana na kazi ya Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara, ilitafutwa kwa pupa hadi bei ikapanda, na mwishoni mwa Juni Mamlaka ya Dawa ya Taifa ikairuhusu iuzwe kama msaada katika kutibu maambukizi ya virusi, ikisisitiza kwamba si tiba ya COVID-19. Wengi walisikia nusu ya kwanza ya tangazo tu. Njia ya kuzuia hali hiyo isijirudie kwa bakteria ni kuanza kupima sasa, kabla ya hofu inayofuata.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo, hospitali na waganga wa Jinja na Mbale linatekelezeka. Wachague magome machache ambayo waganga wengi, bila kushauriana, wanayatumia kwa vidonda, meno na ngozi. Wayaandae kama waganga wanavyoyaandaa. Wayapime kwa bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali za miji hiyo miwili, pamoja na bakteria wa rejea kwa ajili ya ulinganifu, kwa viwango vinavyofikika mwilini, na kando yake wapime sumu na wapime majani. Kisha wachapishe kila kitu na wakisomee kijijini kwa lugha ya kijiji. Mkazi wa Bugembe huko Jinja au wa Namatala huko Mbale anayenunua gome sokoni leo analipa fedha halisi kwa matumaini ambayo hakuna aliyeyakagua kwa niaba yake. Gome likifaulu, apewe kwa kipimo na kwa chupa safi. Likishindwa, aambiwe wazi, ili fedha yake na siku zake za ugonjwa zimpeleke mapema mahali atakapotibiwa.